Ova Ziko Nyingi

Mama Pacha alikuwa anafunga kifuniko cha chupa ya supu, ile chupa nyekundu ambayo mumewe aliipenda kwa sababu haikuvuja, wifi yake alipotokea mlangoni na kunyamaza. Hapo ndipo alipojua. Wifi huyu mtaa mzima ulimwita Redio, na si bure. Alianza kusema akiwa bado njiani, akaingia ndani akisema, na hata akishaaga alibakiza taarifa moja ya kusomea kizingitini. Leo alisimama na simu mkononi, kitambaa cha kichwa kimemlegea, mdomo kaufumba.

"Wifi, kaa kwanza," alisema hatimaye.

"Sikai. Supu itapoa. Sema."

"Hospitali wamepiga. Namba waliyonayo ni yangu, si unajua. Kaka..." Akaikumbatia simu kifuani. "Kaka ametutoka, wifi. Alfajiri hii."

Mama Pacha hakulia. Alikaza kifuniko mpaka kikagoma, na bado akaendelea kukikaza. "Kwa nini? Jana jioni si nilimwacha anatania? Aliniomba maji, nikampa, akaniambia mkono wangu una riziki. Kwa nini?"

"Daktari kasema kwa Kizungu, mbio mbio kama mtu anayefukuzwa. Kasema wamejitahidi, ila ilikuwa ovadozi."

Neno hilo lilitoka kwa sauti ya kawaida ya Redio, yaani sauti ya kusikika mpaka uani. Pale bombani jirani alikuwa anasubiri ndoo ijae. Ndoo ikajaa, ikaanza kumwagika, naye wala hakunyoosha mkono kufunga bomba.

Mtaani hapo neno hilo halikuhitaji kamusi. Ovadozi ni dawa zilizomezwa kupita kipimo, na mtu mzima anayemeza dawa kupita kipimo, watu hawaulizi ni mkono gani uliozipeleka mdomoni.

Kabla jua halijakolea, mabenchi yalikuwa yameshaazimwa na uani kumejaa. Walikuja wenye machozi ya kweli, na walikuja wenye masikio ya kweli. Mama Pacha alikalishwa kwenye mkeka chumbani, na mazungumzo yote yaliyokaribia mlango wake yalishuka sauti kama gari linalozimwa mteremkoni. Alisikia vipande tu. Alikuwa na mawazo tangu aache kazi. Vidonge vyenyewe alikuwa navyo mfuko mzima. Na kanisani sasa itakuwaje?

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Kanisa lao lilikuwa na utaratibu unaojulikana na kila mtu: aliyejitoa uhai haingizwi kanisani. Hasomewi, haimbiwi, wala mchungaji hasimami kaburini. Familia inamzika yenyewe, kimya kimya. Zamani kidogo alizikwa hivyo fundi viatu mmoja wa mtaa wa nyuma, na mjane wake akahama bila kuaga. Siku ile Mama Pacha alikuwa miongoni mwa waliobaki majumbani wakichungulia dirishani. Alikumbuka jinsi lile jeneza lilivyopita na watu wachache, na jinsi alivyoliachia pazia haraka mjane alipoinua macho.

Sasa zamu ilikuwa yake. Na mumewe hakuwa mtu wa kwenda kanisani sikukuu hadi sikukuu. Ndiye aliyefunga madirisha baada ya ibada, ndiye aliyeimba sauti ya nne, tena vibaya, kwa moyo wote. Wimbo wa kusindikizwa nao alishauchagua akiwa mzima, akaonya kabisa: "Msiuburute. Kwaya yetu ina tabia ya kuburuta nyimbo kama inakokota gunia."

Kilichomtesa Mama Pacha ni kwamba hakuweza kuapa. Angeweza kusimama uani na kupaza sauti kwamba mume wake hakuwa mtu wa mambo hayo, na moyoni angeisikia sauti ya mume mwenyewe, wiki ile kabla ya kulazwa, akiwa kaegemea ukuta na miguu juu ya stuli: "Mama Pacha, mimi nimezidi uzito. Nishusheni tu."

Alikuwa amecheka siku ile. Sasa aliyageuza maneno hayo upande huu na upande ule, na kila alivyoyageuza yalimkata.

Kumwelewa marehemu ni lazima kuielewa kazi yake. Alikuwa mtu wa mizani, pale barabara kuu malori yanapopimwa uzito. Mwembamba kama ufito, ndani ya koti la kung'aa lililomzidi mabega, alisimama kando ya bamba la chuma akimwongoza dereva kwa mkono: njoo, njoo, hapo hapo. Karani kibandani alisoma namba. Zikizidi, karani aligonga kioo, naye akapaza sauti iliyofika ng'ambo ya barabara: "Ovalodi! Kaa pembeni, shusha!"

Madereva hawakumnyamazia. Mmoja alimwambia, "Wewe mzee, hata mkeo ukimbeba utasema ovalodi."

"Yule simbebi," akamjibu. "Yule ndiye anayenibeba mimi. Kaa pembeni."

Jina likamganda. Akawa Ovalodi mizani, Ovalodi dukani, Ovalodi kwayani. Watoto wa mtaani walidhani ndilo jina alilobatizwa nalo. Mkewe alipojifungua mapacha, msichana na mvulana, alisimama mlangoni mwa wodi akatangaza: "Leo Mungu mwenyewe kapita kwenye mizani yangu, na simwandikii faini."

Huko kazini aliokota maneno ya Kizungu ya kuzidi, akayaleta nyumbani kama wengine wanavyoleta peremende. Chumvi ikikolea mno kwenye chakula alisema, "Mama Pacha, hii chumvi imefanya ovataimu." Wageni wakizidi viti, hiyo ilikuwa ovabukingi. Mama mkwe wake alipokuja na mabegi, alimpokea yote huku akinong'ona, "Eksesi lageji," yaani mzigo umezidi, na mama mkwe akaitikia asante akidhani anasifiwa. Redio alipoanza taarifa zake, kaka yake aliinua mkono kama anazuia lori: "Ovafuloo, dada! Funga bomba!"

"Sisi tunasema imezidi, basi," mkewe alimwambia siku moja. "Ya nini rundo lote hilo?"

"Kwani sisi hatuna? Tele. Kibao. Pomoni. Chekwa. Bwelele." Alikuwa anayakunjia vidole. "Ila ya kwetu mtu akiyatamka anatabasamu. Ya kwao ninayoyasikia mimi pale mizani, kila moja lina faini yake."

Kisha mwaka huu miguu ikaanza kuvimba. Viatu vikakataa, akahamia ndala, na ndala nazo zikaanza kumchora alama. Mwanzoni alitania. "Ekseli za nyuma zimezidi uzito. Sasa nimefanana na jina." Baadaye akawa halali mpaka awekewe mito mitatu mgongoni, na akipanda ngazi mbili za mlangoni alisimama kama mtu aliyekimbia. Akaacha kazi. Alikaa dirishani akisikiliza malori yanavyobadilisha gia kwa mbali, na mkewe hakujua kama anasikiliza au anawaza. Alikuwa na mfuko wa vidonge, aliouweka chini ya mto, akaenda nao hospitali.

Mfuko ule ulimrudia Mama Pacha akilini mara baada ya mara. Kwa nini chini ya mto? Kwa nini si mezani, kama dawa za watu wengine?

Alasiri mchungaji alifika, akifuatana na mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyekaa kwenye kiti kama bado anasimamia mtihani. Mchungaji alishika mkono wa Mama Pacha, akaomba sala fupi, kisha akaizungusha kofia yake magotini.

"Kuna neno linazunguka, mama."

"Nimelisikia, mchungaji. Limeanzia hapa hapa kwangu."

"Sikuja kumhukumu. Mtu aliyenifungia madirisha miaka yote hii namjua. Lakini wazee wameniuliza, na nitapaswa kuwajibu."

"Utaratibu ni utaratibu," alisema mzee wa kanisa, akiutazama ukuta.

Mama Pacha alimgeukia mchungaji. "Na daktari akisema ni hivyo?"

Mchungaji aliacha kuizungusha kofia. "Nitakuja mazikoni. Lakini nitakuja kama jirani. Joho nitaliacha nyumbani."

Alilisema kwa upole, na ule upole ndio uliomwogopesha zaidi. Wageni walipotoka wakisindikizwa na mwanawe wa kiume, binti yake, yule pacha wa kike, alipiga magoti mkekani. Msichana huyu alikuwa fundi cherehani, na siku zote alikuwa na pini imechomekwa kwenye kola. Hata leo alisahau kuitoa.

"Mama, twende tukamuulize daktari."

"Na akisema ndiyo?"

"Basi tutajua."

"Mwanangu, sasa hivi ni neno la shangazi yako. Nikienda kuuliza, litakuwa neno la daktari. La shangazi yako naweza kulikatalia. La daktari nitalipeleka wapi?"

Binti alimshika mama yake mkono. Mama Pacha alifumba macho, akamwomba Mungu ambaye alizoea kumwomba vitu vidogo: mvua isiloweshe nguo, lori lisimgonge mume. Leo hakujua aombe nini, maana lililotokea lilikuwa limeshatokea. Alisema tu, "Nisaidie nisimame." Akasimama. Akavaa viatu.

"Mwite shangazi yako," alisema. "Aliyelisikia neno twende naye."

Korido ya hospitali ilinuka dawa ya kusugulia sakafu. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya wodi, Mama Pacha katikati, binti kushoto, Redio kulia. Ukutani palikuwa na tangazo linalowakataza watu kuleta watoto, na chini yake mtoto amelala. Kila mlango uliofunguka Mama Pacha aliinuka nusu, akakaa tena.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "ulilisikia vizuri?"

"Nililisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ova."

"Ova nini?"

Redio alianza kupotosha ncha ya kitambaa chake. "Ovadozi. Nadhani. Wifi yangu, simu ilikuwa inakwaruza. Nilisikia ova, halafu nilikuwa nimeshaanza kulia."

"Nadhani? Asubuhi hukudhani. Asubuhi ulitangaza."

"Ova ziko nyingi!" Redio alipasuka, na watu wa benchi la pili wakageuka. "Kaka mwenyewe alinipa moja kila siku. Nitajuaje ilikuwa ipi?"

"Shangazi, punguza sauti," binti alinong'ona.

"Nimepunguza! Hii ndiyo ya kupunguza!"

Mama Pacha alitaka kumpiga kibao, na papo hapo akatamani kumkumbatia, kwa sababu neno lile "nadhani" lilikuwa limefungua upenyo mdogo. Akaogopa kuuchungulia. Aliyekwisha kukata tamaa huwa ametulia. Yeye sasa hakuwa na hata utulivu huo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama mbele yao, akawapa pole, akasubiri. Binti ndiye aliyesema: "Daktari, tunaomba utuambie baba amekufa kwa nini. Tumeambiwa ovadozi."

"Ovadozi?" Daktari aliwatazama mmoja mmoja. "Nani kawaambia?"

"Wewe," Redio alisema, kwa sauti ndogo ambayo mtaa wake haujawahi kuisikia. "Kwenye simu."

"Hapana. Hapana, mama zangu. Mimi nilisema ovalodi."

Redio aliiachia ncha ya kitambaa chake.

"Maji," daktari aliendelea, akiinama ili waelewe. "Moyo wake ulichoka kusukuma. Maji yakajaa mwilini, ndiyo ile miguu mliyoiona, kisha yakapanda mpaka mapafuni. Yalizidi uwezo wetu wa kuyatoa. Dawa alipokea mikononi mwetu, kidonge kimoja kimoja. Ule mfuko wake tuliuchukua siku alipolazwa, uko kwenye kabati la wodi. Hakujidhuru, mama. Juzi alikuwa ananiuliza kama nitamruhusu Jumapili, eti kuna madirisha atayafunga nani."

Redio alishuka kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni. "Nililisikia!" alilia. "Haki ya Mungu nililisikia, nikalikataa! Nikajiambia, huyu daktari hawezi kumtaja kaka kwa jina la mtaani, kamjulia wapi? Atakuwa kasema lile lingine, lile la hospitali. Nikalitengeneza mwenyewe! Jina la kaka yangu, wifi, nimelisikia maisha yangu yote, na siku ya leo nikaliacha lipite!"

Daktari hakuelewa, na binti akamweleza kwa maneno machache: mizani, kioo kinachogongwa, lile jina. Daktari aliweka mkono mdomoni.

"Kumbe," alisema. "Alfajiri nilikuwa nawaeleza wenzangu pale kitandani, nikasema ovalodi. Akafungua macho, akasogeza kile cha kupumulia, akaniuliza, 'Nani kakwambia jina langu?' Tulidhani anaweweseka. Hakusema tena."

Mama Pacha alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikageuka kilio katikati, na binti yake akamshika mabega. Lakini hata kilio hicho hakikufika mwisho. Kilikatika ghafla, naye akamshika daktari mkono wa koti.

"Maji? Umesema maji?"

"Ndiyo."

"Jana nilimpa maji ya kunywa. Muuguzi alikuwa amekataza. Aliniomba, muuguzi akageuka, nikampa."

Daktari aliketi kwenye benchi, pale alipokuwa Redio.

"Mengi?"

"Mafunda. Midomo ilikuwa imemkauka."

"Mama, nisikilize. Tulikuwa tunamtoa maji kwa machupa. Mafunda yako hayakumuua. Moyo ule ulikuwa umechoka muda mrefu. Kama yalifanya kitu, basi yalimpunguzia kiu."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Aliamini, na hakuamini. Njia nzima ya kurudi aliutazama mkono wake wa kulia kama ni wa mtu mwingine, mkono uliosifiwa kwamba una riziki.

Walipitia kwa mchungaji kabla ya kufika nyumbani. Hakuomba karatasi wala muhuri. Alimsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, hata ile sehemu ya mafunda, akasema, "Nitavaa joho." Mzee wa kanisa alikuwepo, akakohoa, kisha akauliza kwaya iandae wimbo gani.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Redio. Alizunguka nyumba kwa nyumba kulirudisha neno lake, naye hakujua kulirudisha kungekuwa kugumu vile. Mlango wa kwanza alisema, "Jamani, nilikosea. Ilikuwa ovalodi."

"Tunajua ni Ovalodi, maskini," jirani akamjibu. "Tunauliza alikufa kwa nini."

"Kwa ovalodi!"

"Ndiyo, yeye. Kwa nini?"

"Kwa maji! Maji, jamani, maji!" Na kabla watu hawajalala, mtaa wa pili walikuwa wanasema marehemu amezama.

Usiku huo na siku iliyofuata Mama Pacha hakuwa na amani kamili. Mchungaji ameahidi, sawa, lakini wazee ni wengi, na minong'ono haijaisha. Asubuhi ya maziko, mwili ulipoletwa nyumbani na watu wakasimama mistari miwili, yeye hakulitazama jeneza. Alitazama geti. Kila mwenye kofia aliyetokea, alimwangalia kama ana joho. Mchungaji alichelewa. Alipoingia alikuwa na shati la kawaida tu, na Mama Pacha akaanza kugeuka. Kisha akaona mfuko wa plastiki chini ya kwapa lake. Mchungaji alitoa ndani yake joho lililokunjwa, akalikung'uta, akalivaa pale pale getini mbele ya watu wote.

Walimpeleka kanisani. Madirisha yalikuwa wazi. Karani wa mizani alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mwaminifu, hakuruhusu lori lililozidi lipite hata la mkubwa, akashindwa kuendelea, akakaa. Madereva wawili waliowahi kugombana naye walikuja na kuketi nyuma kabisa, kofia mikononi. Ibada ilikuwa ya kawaida, kama ya muumini mwingine yeyote.

Makaburini waliombeba walikuwa wengi mno, wakawa wanakanyagana, ikabidi wengine waombwe kuachia. Mwanawe wa kiume alikuwa mbele. Jeneza liliwekwa juu ya kamba. Mchungaji alisoma, akaomba, akafunga kitabu. Mchimba kaburi aliyekuwa upande wa kichwa akasema, "Shusheni. Taratibu."

Wakamshusha.

Kwaya iliimba wimbo aliouchagua, na waliuburuta. Mama Pacha alichota udongo kwa mkono wa kulia, akautupa, na mapacha wakatupa baada yake. Redio alikuwa wa mwisho katika familia, na hakusema kitu. Wanaume wakafukia, wakaweka msalaba wa mbao. Mchungaji akatoa baraka, watu wakaanza kuondoka. Mama Pacha alipangusa mkono kwenye nguo yake, akamwambia binti yake atangulie nyumbani akawape wageni maji ya kunywa.